Karamu ya Arusi na Matengenezo Yake

Watu wa pwani husema, "Kukopa arusi, kulipa matanga." Maana yake ni hii: siku ya kupokea fedha, mkopaji hucheka na kushangilia kama mtu aliye arusini, lakini siku ya kudaiwa huinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Methali hii hutumika kwa madeni ya kila namna. Hata hivyo, mara nyingine yatimia neno kwa neno, kwa kuwa deni lenyewe limetokana na arusi. Vijana waoana, wageni wala na kushiba, ngoma zalia hata alfajiri. Na mwezi wa pili mashua ya baba yauzwa ili kumlipa mwenye duka.

Basi katika somo hili tutaeleza jinsi karamu ya arusi iwezavyo kutengenezwa vema, wageni washibe, na mwenyeji asiingie katika matanga hayo. Mfano wetu tutautoa Mlingotini, kijiji cha wavuvi kilichopo kusini ya mji wa Bagamoyo, kupita magofu ya Kaole na Mbegani. Kijiji hiki kimekaa kando ya ghuba ndogo yenye mikoko. Wanaume wengi ni wavuvi, na wanawake wengi hulima mwani katika maji ya pwani. Hakuna tajiri mkubwa huko. Lakini arusi haikosi, wala mgeni hafukuzwi. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunza namna watu wa mapato madogo wawezavyo kufanya jambo kubwa kwa utaratibu.

1. Ndoa ni moja, karamu ni nyingine

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ndoa ni agano la mume na mke. Kwa Waislamu huwapo walii, mahari, mashahidi wawili na khutba. Kwa Wakristo huwapo maagano mbele ya padre au mchungaji, na mashahidi pia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla ya siku yenyewe, ili mwenye neno la kupinga apate nafasi ya kulisema. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi wala muda mrefu. Ndoa yaweza kufungwa kwa nusu saa, wala haipungui uhalali kwa kuwa wageni walikunywa chai tu.

Karamu ni jambo jingine. Karamu ni shukrani ya wazazi na ni tangazo kwa majirani. Huwaambia watu, "Vijana hawa sasa ni mke na mume; washuhudieni na kuwatunza." Kwa sababu hiyo karamu ni njema, na desturi ya kula pamoja haifai kudharauliwa. Lakini mwenye kujua kwamba ndoa haitegemei karamu, huyo hukata shauri kwa utulivu. Hupima karamu kwa uwezo wake, wala hapimi uwezo wake kwa karamu ya jirani.

2. Karamu za kushindana

Desturi za arusi za pwani hii ziliandikwa zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, aliandika sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho Carl Velten alikitoa mwaka 1903. Humo zimeelezwa posa, mahari, na mambo ya bwana arusi na bibi arusi. Anayekisoma leo huona kwamba mengi yaliyofanywa na mababu wa watu wa Bagamoyo yangali yakifanywa na wajukuu zao.

Lakini si kila jambo la zamani lilikuwa jema. Katika karne ya 19 miji ya pwani, kama Bagamoyo na Pangani, ilipata mali nyingi kwa biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Wakuu wa mitaa na wenye kutafuta cheo walishindana kwa karamu. Huyu akichinja ng'ombe wawili, mwenzake alitaka kuchinja wanne, ili watu waseme kwamba yeye ndiye bwana mkubwa. Wengi walikopa kwa wafanya biashara, na heshima waliyoinunua kwa siku moja waliilipa kwa miaka mingi.

Ugonjwa huu wa kushindana si wa pwani yetu peke yake. Katika nchi ya Tajikistan, huko Asia ya Kati, familia nyingi zilikuwa zikifilisika kwa sababu ya arusi, hata serikali ikatunga sheria mwaka 2007 kwamba wageni wa arusi wasizidi 150. Huenda tukaona ajabu serikali kuhesabu wageni wa mtu. Lakini ajabu kubwa zaidi ni mtu mwenyewe kuacha kuwahesabu.

3. Kuchagua siku

Siku ya arusi haichaguliwi kwa kupenda tu. Mwenyeji mwenye busara hutazama mbingu, bahari na kazi za watu.

Mvua za masika hunyesha tangu mwezi wa Machi hata Mei, na mvua za vuli huja karibu na mwisho wa mwaka. Atakayeandaa karamu uani wakati wa masika hana budi kupata turubai na kuni zilizokaushwa mapema; asipozipata, wageni watalowa na wapishi watalia kwa moshi. Tena iko miezi ya ibada. Waislamu hawafanyi karamu za mchana katika mwezi wa Ramadhani, na Wakristo wengi hawafanyi arusi wakati wa Kwaresima.

Katika kijiji cha wavuvi liko jambo jingine, nalo ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Samaki hukusanyika penye mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauonekani sana baharini, na wavuvi wengi hupumzika. Basi mtu aweza kusema, "Arusi na iwe siku ya mwezi mpevu, maana wanaume wapo nyumbani." Neno hili ni nusu ya ukweli. Mwezi mpevu huleta bamvu, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Na katika pwani yetu, siku za bamvu maji hukauka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Wakati huo ndipo wakulima wa mwani huenda kufunga mbegu na kuvuna. Arusi ikifanywa asubuhi ya siku hiyo, wanawake wapaswa kuchagua kati ya jirani na riziki yao.

Mtu afanyeje? Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua siku ya 10 au ya 11 ya mwezi. Bamvu halijafika, na mwezi huwa juu tangu magharibi hata usiku wa manane, kwa hiyo wageni watokao mbali hurudi kwao wakiona njia. Njia ya pili, kama siku nyingine haipatikani, ni kuandaa karamu alasiri, wakati bahari imekwisha jaa na wenye mwani wamekwisha rudi na kuoga. Siku njema ni ile ambayo watu wengi zaidi wanaweza kuja bila ya kupoteza chakula cha watoto wao.

4. Fedha na daftari

Kidole kimoja hakivunji chawa. Karamu ya arusi Mlingotini, na karibu kila mahali katika Tanzania, haibebwi na mtu mmoja. Ndugu, jirani na rafiki hutoa mchango. Huyu hutoa fedha, yule hutoa mchele, mwingine nazi au kuni, na asiye na kitu hutoa nguvu zake. Leo mchango kwake ni wako. Kesho arusi kwako naye atatoa. Kwa namna hii fedha ndogo huzunguka kijijini na kusaidia kila nyumba kwa zamu yake.

Lakini mchango usio na hesabu huzaa fitina. Kwa hiyo huchaguliwa halmashauri ndogo ya arusi, ambayo watu wa leo huiita kamati. Watu watano au saba watosha. Mwenyekiti huongoza mazungumzo, katibu huandika, mweka hazina hushika fedha. Yafaa katibu na mweka hazina wawe watu mbalimbali, ili anayeandika asiwe ndiye anayeshika. Hata fedha ikitumwa kwa simu, kama ilivyo desturi ya siku hizi, lazima iandikwe siku ile ile katika daftari: jina la mtoaji, kiasi na tarehe.

Daftari liwe na safu mbili zilizotengwa. Safu ya kwanza ni ya ahadi, na safu ya pili ni ya fedha iliyokwisha pokewa. Hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme watu 40 wameahidi kutoa shilingi 20,000 kila mmoja. Ahadi zote ni shilingi 800,000. Hata zilipobaki siku saba, waliotoa ni watu 25 tu, yaani shilingi 500,000. Je, karamu ipangwe kwa hesabu ipi? Mwenyeji mjinga hupanga kwa shilingi 800,000, na zile 300,000 zisizokuja huzikopa dukani, akitumaini kwamba ahadi ni deni na wenye ahadi watalipa. Ni kweli ahadi ni deni. Lakini huenda aliyeahidi amerudi baharini mikono mitupu, au mtoto wake ameugua. Mwenyeji mwenye akili hupanga kwa shilingi 500,000. Zikija nyingine huongeza kitoweo. Zisipokuja hana hasara.

Tena mwenyekiti asisome hadharani majina ya wasiotoa. Mchango ni msaada, si kodi. Mtu aliyeaibishwa kwa kukosa shilingi 20,000 hatakuja arusini, na nyumba yake itatengwa na jirani zake kwa sababu ya karamu iliyokusudiwa kuwakusanya.

5. Hesabu ya wageni, chakula na maji

Sasa tufanye hesabu. Kwanza andika majina ya nyumba zote zitakazoalikwa, na watu wa kila nyumba. Katika vijiji vya pwani mwaliko hupelekwa kwa miguu: mtu hutumwa nyumba kwa nyumba, hupiga hodi na kutaja siku na saa. Nyumba iliyorukwa hukumbuka miaka mingi kwamba ilirukwa. Kwa hiyo mtumwa wa mwaliko apewe orodha, asitegemee kichwa chake.

Tuseme orodha ina watu wazima 180 na watoto 60. Watoto wawili huhesabiwa kama mtu mzima mmoja katika kula. Basi watoto 60 ni sawa na watu wazima 30, na jumla ni watu 210. Kilo moja ya mchele, ikipikwa pilau, hutosha watu wazima kama saba. Gawa 210 kwa 7, utapata kilo 30. Ongeza fungu moja katika kumi kwa ajili ya wageni waliokuja na ndugu zao na wale waliosikia ngoma wakaja wenyewe, hao hawakosekani. Kumi katika 30 ni tatu. Jumla ni kilo 33.

Kwa kila kilo ya mchele, nusu kilo ya nyama yatosha. Kilo 33 zahitaji kilo 16 na nusu. Mbuzi wawili wanene wataleta kiasi hicho. Ng'ombe mzima kwa wageni hawa ni mwingi mno. Sehemu ya nyama yake italala bila barafu na kuharibika, na mwenyeji atakuwa amewalisha nzi kwa fedha ya wageni.

Maji husahauliwa kuliko vitu vyote. Kila mtu atahitaji lita moja ya kunawa kabla na baada ya kula, na lita moja ya kunywa. Watu wa kunawa na kunywa ni 240, wala hapa mtoto si nusu. Basi lita 480. Kwa kupika, kuosha mchele na kuosha vyombo weka lita 200. Jumla ni lita 680, nazo ni ndoo 34 za lita 20. Ndoo hizo zisipojazwa jana yake, siku ya arusi wasichana watakuwa njiani wakibeba maji wakati wenzao wanaimba.

Wanafunzi waliosoma Injili wakumbuka arusi ya Kana ya Galilaya, ambako divai iliwaishia wenyeji kabla ya karamu kwisha. Mtu asipange arusi yake kwa kungoja mwujiza kama ule, afanye hesabu.

6. Jikoni

Katika Mlingotini Waislamu ndio wengi, lakini wageni wa arusi waweza kuwa wa dini mbalimbali. Kwa hiyo iko desturi njema ambayo hata Wakristo wengi wa Tanzania huifuata: mnyama wa karamu huchinjwa na Mwislamu kwa taratibu za dini yake. Mkristo hula bila dhiki, na Mwislamu hula bila shaka. Jambo hilo dogo, linalofanywa alfajiri kabla wageni hawajaja, huwawezesha watu wote kuketi kwenye sinia moja.

Pilau ya watu wengi haipikwi katika chungu kimoja. Kilo 33 za mchele zikitiwa katika sufuria moja, mchele wa chini utaungua na kuwa ukoko mtupu, na wa juu utabaki mbichi. Afadhali sufuria tatu kubwa, kila moja kilo 11, kila moja juu ya mafiga yake. Mpishi mkuu huwa mmoja, naye ndiye anayekata shauri la chumvi na maji, wengine humsaidia. Kila mtu akitia chumvi kwa kuonja kwake, chakula hakitalika.

Kazi huendelea hivi. Vitunguu hukaangwa hata vigeuke rangi, maana rangi ya pilau hutoka humo. Ndipo hutiwa kitunguu saumu na tangawizi, kisha bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Nyama iliyochemshwa huungwa humo, na supu yake hupimwa na kutiwa. Supu ikichemka, mchele uliooshwa hutiwa. Maji yakikaribia kukauka, moto wa chini hupunguzwa, sufuria hufunikwa, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Hivyo wali hupata joto juu na chini, hukauka pole pole, na kila punje husimama peke yake. Atakayeharakisha moto wakati huo atapata ukoko na moshi.

Sufuria zisiwashiwe moto kwa wakati mmoja. Ya kwanza iwashwe mapema, ya pili nusu saa baadaye, ya tatu nusu saa tena. Sababu yake tutaiona sasa hivi.

7. Kuandaa wageni

Watu wanne hula katika sinia moja. Watu 240 wahitaji masinia 60. Lakini kijiji chetu kimeweza kukopesha masinia 20 tu. Basi wageni watakula kwa zamu tatu, kila zamu watu 80. Zamu moja, pamoja na kunawa, kula, kuondoa na kuosha, huchukua kama nusu saa. Zamu tatu ni saa moja na nusu. Na kwa kuwa sufuria zimepishana nusu saa, kila zamu hupata sufuria yake ikiwa moto. Sufuria tatu, zamu tatu: huo ndio utaratibu, wala haukuongeza hata senti moja katika gharama.

Kumbe utaratibu huu ni kinga ya afya pia. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kile kinachongoja kuliwa kidumu katika joto linalozidi nyuzi 60 za sentigredi. Katika wali kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa pole pole, huamka, huongezeka na kutoa sumu. Na sumu ya namna hiyo haiondoki kwa kupashwa moto mara ya pili. Kwa hiyo wali uliopikwa alfajiri usiliwe alasiri, hata ukinukia vizuri.

Kunawa nako kuwe kwa kumiminiwa maji kutoka birikani, na sabuni. Watu wengi wakitumbukiza mikono katika bakuli moja, wa kwanza hunawa, na wa mwisho hujipaka uchafu wa wote. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, maana kipindupindu hakikuandikiwa mwaliko, lakini hupita katika maji machafu na kufika.

Sasa swali kubwa: nani ale kwanza? Wazee, wagonjwa, wenye mimba na waliotoka mbali huandaliwa zamu ya kwanza. Watoto wasiachwe kuwa wa mwisho, maana njaa ya mtoto haijui adabu. Wagawanywe katika zamu zote, na kila kundi liwe na mtu mzima wa kulitazama. Mwisho hula wapishi, wachukuzi wa maji na waliokuwa wakipakua.

Hapa ndipo karamu hupimwa. Mara nyingi zamu ya kwanza hupata mapande ya nyama na viazi, zamu ya pili hupata wali na mifupa, na waliofanya kazi tangu alfajiri hukwangua ukoko. Mgeni wa mbele husifu karamu. Lakini aliye nyuma ya nyumba, mwenye macho mekundu kwa moshi, ndiye ajuaye ukweli. Dawa ya jambo hili ni nyepesi. Kabla ya kupakua sinia la kwanza, fungu la watenda kazi litengwe katika kila sufuria, lifunikwe na kuwekwa juu ya makaa, wala mtu asiliguse. Tena awekwe mtu mmoja mwaminifu penye sufuria, naye ahesabu masinia: zamu hii ni 20, si 23.

8. Baada ya wageni kuondoka

Karamu haijaisha wageni wanapoaga. Masinia, majamvi, mabirika na sufuria za kuazima zahesabiwa kwa orodha na kurudishwa kesho yake, zikiwa safi. Kilichopotea au kuvunjika hulipwa, hata kama mwenyewe amesema, "Acha tu." Maganda na makaratasi hufukiwa au huchomwa, yasitupwe katika mikoko wala pwani, maana humo ndimo samaki wadogo hukua, na pwani hiyo ndiyo iliyotoa mchango.

Kabla ya siku saba kupita, halmashauri hukutana mara ya mwisho. Katibu husoma daftari: kiasi kilichopokewa, kiasi kilichotumika na kwa kazi gani, na kiasi kilichobaki. Bakaa hupewa maarusi kuanzia maisha yao. Hata shilingi chache zitanunua jembe au kamba za mwani. Daftari lenyewe hutunzwa na mwenye arusi. Humo amesoma majina ya waliomsaidia, na kila mmoja wao atakapokuwa na arusi au msiba, atajua wajibu wake.

Basi sasa tumeona kwamba karamu njema haikufanywa na wingi wa ng'ombe wala na sauti ya ngoma. Imefanywa na siku iliyochaguliwa kwa kuwafikiri watu, daftari lisilochanganya ahadi na fedha, ndoo zilizojazwa jana yake, na sufuria tatu zilizopishana nusu saa. Mtu akitaka kujua kama karamu fulani ilikuwa na heshima, asimwulize aliyeketi mbele. Amwulize mpishi kama alishiba, na siku arobaini zikipita, amtazame baba wa arusi kama bado ana mashua yake.

Maswali

1. Eleza maana ya methali, "Kukopa arusi, kulipa matanga."
2. Kwa nini siku ya mwezi mpevu yaweza kuwafaa wavuvi wa dagaa na kuwadhuru wakulima wa mwani?
3. Kwa nini katibu na mweka hazina wasiwe mtu mmoja?
4. Arusi moja ina watu wazima 120 na watoto 40. Tafuta kilo za mchele zitakazohitajiwa kabla ya kuongeza fungu la wageni wasiotazamiwa.
5. Kijiji kina masinia 15. Wageni ni 180, nao hula wanne wanne. Watakula kwa zamu ngapi? Ungepanga sufuria ngapi, nazo uziwashe namna gani?
6. Waulize wazee wako jinsi karamu za arusi zilivyofanywa kwenu zamani. Andika mambo mawili yanayofaa kuhifadhiwa na moja linalofaa kuachwa, na sababu zake.